Anayeitoa siri ya serikali ili wizi uonekane: shujaa, au kavunja kiapo tu?

Mtu_wa_Kikwajuni
Assalaam alaykum jamani. Kuna suala linazungushwa kila baraza na halifiki pwani. Mtumishi wa umma kaapa kutunza siri za ofisi. Ndani ya faili kaona wizi, au jambo la kuhatarisha roho za watu. Katoa karatasi nje. Wengine wanamwita shujaa siku ile ile, wengine wanasema huyo ni msaliti, leo kaitoa hii kesho ataitoa ile.

Mimi naona jibu halimo katika tabia ya mtu, limo katika karatasi: katoa nini, na kampa nani. Mfano ninaoupenda ni wa Katharine Gun, mfasiri wa shirika la upelelezi la Uingereza, GCHQ. Mwisho wa Januari 2003 ilipita barua pepe kutoka kwa wenzao wa NSA wa Marekani ikiomba msaada wa kuwapeleleza wajumbe wa nchi sita katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kabla ya vita vya Iraq: Angola, Kameruni, Chile, Bulgaria, Guinea na Pakistani. Hakubeba kabati zima. Alichapisha kwenye karatasi barua ile moja tu, na gazeti likaitoa tarehe 2 Machi 2003. Aliposhtakiwa, upande wa utetezi ukataka kuonyeshwa ushauri wa kisheria ambao serikali ilipewa kuhusu vita. Februari 2004 mashtaka yakaondolewa. Karatasi moja, jambo moja, na mtu yeyote akiisoma anaelewa kosa liko wapi. Huyo namwita shujaa bila kusita.

Nataka kusikia wanaopinga, na zaidi nataka kusikia wanaojua njia zilizopo hapa kwetu.

Bint_Machomane
Wa alaykum salaam. Kaka, umeanza na kiapo lakini hukukifungua. Kiapo cha mtumishi anaapiwa nani? Si mkubwa wa idara. Mkubwa huyo naye kaapa kiapo hicho hicho. Ibara ya 27 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamwekea kila mtu wajibu wa kulinda mali ya mamlaka ya nchi na mali inayomilikiwa na wananchi kwa pamoja. Kwa hivyo anayenyamaza juu ya vocha ya uongo ndiye aliyeacha wajibu. Siri ya ofisi ni amana, na amana, kama ilivyo katika Suratun-Nisaa aya ya 58, hurudishwa kwa mwenyewe. Mwenye fedha ya skuli ni mwanafunzi na mzee wake.

Maalim_wa_Mtambwe
Bint, nakuunga mkono, ila pana kipande kimeachwa. Wengi hapa visiwani hawanyamazi kwa kuogopa serikali. Wananyamaza kwa kuogopa ghiba, dhambi ya kumsengenya mtu. Mtu anajiambia, nikimtaja fulani nimemla nyama ndugu yangu. Hilo lina jibu. Imam Nawawi alitaja mahali sita ambapo kumsema mtu kwa ubaya wake kunaruhusiwa, na miongoni mwao ni kumshitakia dhulma mwenye uwezo wa kuiondoa, na kuwatahadharisha Waislamu na shari. Suratul-Baqara aya ya 283 inakataza kuficha ushahidi, na inasema moyo wa anayeuficha una dhambi.

Lakini hapo hapo Suratul-Hujuraat aya ya 6 inataka khabari ichunguzwe kabla ya kuchukuliwa, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Ushahidi ni kile ulichokiona au karatasi uliyoishika. "Nimesikia stoo" si ushahidi. Na mahali sita zile hazimruhusu mtu kuongeza kwamba mkubwa yule ana wake wangapi na anajenga wapi, ikiwa suala ni saruji.

Mpemba_wa_Bandarini
Tunazungumza siri kana kwamba ni makombora na majasusi. Siri nyingi zinazoua watu ni hesabu ya kawaida. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander iling'oa nanga Unguja kuja Wete, imejaa kupita uwezo wake, ikazama mkondo wa Nungwi. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Hakuna nyumba Pemba isiyojua maana ya tarehe hizo.

Idadi ya abiria inayoruhusiwa imeandikwa kwenye cheti cha meli. Idadi ya waliopanda inajulikana na anayekata tiketi na anayesimama ngazini. Karatasi mbili tu. Mtu akizipiga picha saa mbili kabla ya safari na kuzifikisha kwa msajili wa meli, kwa polisi wa bandari na kwa redio kwa wakati mmoja, huyo hakuvunja siri yoyote ya taifa. Katika jambo la roho sitaki kusikia habari ya ngazi na utaratibu. Ngazi ni kwa fedha. Kwa meli inayotaka kuondoka, piga kelele gati lisikie.

Vuga_Sheria
Niingie kwenye sheria, maana watu wengi wanajifunga kitanzi kwa kuchanganya za Bara na za Zanzibar.

Kwanza, Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 ni ya Tanzania Bara. Mtumishi wa Serikali ya Mapinduzi asiitegemee kama ngao. Hata huko Bara inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema, mwenye sababu ya msingi ya kuamini kwamba ni ya kweli, na aliyeipeleka kwa mamlaka husika. Gazeti si mamlaka husika, na kundi la WhatsApp pia si mamlaka husika.

Pili, Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inafika mpaka huku. Kutoa jambo lililotangazwa kuwa la siri kwa mtu asiyestahili kulipokea ni kosa linaloweza kufikia kifungo cha miaka 20. Angalieni maneno hayo: lililotangazwa kuwa la siri, na ofisa mwenye mamlaka hayo. Vocha ya kununulia viti vya skuli haigeuki siri ya taifa kwa kuwa mkubwa hataki ionekane. Ila faili likiwa na muhuri wa SIRI, hata ndani mwake mkiwa na vocha ya viti, usiitoe karatasi hiyo. Eleza kwa maandishi kwa chombo cha uchunguzi kwamba faili namba fulani lina jambo fulani, waliitishe wenyewe. Wao wana mamlaka ya kulitaka, wewe huna ya kulibeba.

Tatu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, nayo inatumika pande zote mbili. Kifungu cha 16 kinaadhibu kuchapisha taarifa za uongo mtandaoni, faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Na kuingia kwenye kompyuta kwa nywila ya mwenzako ni kosa peke yake, hata ulichokikuta huko kikiwa wizi mtupu. Karatasi toa ile iliyopita mikononi mwako kwa kazi yako halali.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa mwaka 2005, na ibara ya 33 inazitaka nchi zifikirie kuweka ulinzi kwa wanaotoa taarifa kwa nia njema. Zifikirie. Neno hilo ni jepesi mno, na mimi naona Zanzibar ingepaswa kuwa na sheria yake kamili yenye jina hilo.

Kijana_wa_Darajani
Kwa hiyo karani wa Chake hana pa kushika?

Vuga_Sheria
Anapo. Ipo ZAECA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya 2012 kwa ajili ya kuzuia rushwa na uhujumu wa uchumi Zanzibar. Ipo Ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambayo imewekwa na Katiba ya Zanzibar yenyewe. Kwa kiongozi mwenye mali isiyoelezeka ipo Tume ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Tena mwakilishi wa jimbo lake anaweza kulifikisha kwa kamati ya Baraza la Wawakilishi inayochunguza hesabu za serikali, ambayo huwaita watendaji wakuu wa wizara kwa majina. Tatizo si ukosefu wa milango. Watu wanabisha hodi na maneno badala ya karatasi.

Leja_na_Stoo
Hapo ndipo penye kazi, na hapo ndipo wengi wanapoanguka. Niseme kwa urefu.

Barua nyingi za kushitakia ufisadi hazifiki popote kwa kuwa zimeandikwa "fulani anakula fedha za umma." Mchunguzi hawezi kufungua jalada kwa sentensi hiyo. Anachohitaji ni karatasi mbili zinazogombana. Kila ununuzi wa serikali unaacha mlolongo: ombi la kununua, nukuu za bei, oda, hati ya kuletea mzigo, hati ya kupokelea stoo, ankara, vocha ya malipo. Mwizi anaweza kuzitengeneza zote zikubaliane kwa bei na tarehe. Vigumu ni kuzifanya zikubaliane na vitu ambavyo yeye havimiliki: uzito, nafasi, bahari.

Tuseme ankara inasema mifuko 400 ya saruji imefikishwa skuli moja ya Micheweni kwa safari moja ya lori la tani 7. Mfuko ni kilo 50. Mia nne ni tani 20. Lori la tani 7 kwa haki yake linabeba mifuko 140. Safari moja haiwezekani, zinatakiwa tatu, na hizo tatu zingeacha hati tatu za kuletea mzigo zenye saa tofauti. Tena, saruji ikiwa imetoka Unguja imepita bandari ya Mkoani au Wete, na bandari ina karatasi zake za ushuru ambazo wizara haizishiki. Hujamtukana mtu, hujasema mwizi. Umeweka ankara, hati ya mzigo na hesabu ya darasa la tano, na mchunguzi mwenyewe atajua mlango wa kupiga hodi.

Sasa makosa ya kila siku. La kwanza ni kuchukua karatasi yenyewe badala ya nakala. Ukibeba vocha halisi umeliacha faili tupu, na mwizi atasema iliyokuwemo ni nyingine, tena wewe ndiye uliyeiba nyaraka ya serikali. Halisi ibaki pale pale. Andika namba ya vocha, tarehe, namba ya faili na ukurasa. Mchunguzi akijua namba, ataikuta.

La pili ni kukusanya mno. Mtu anatoa kurasa 300 akidhani wingi ni nguvu. Nane zinatosha. Katika 300 lazima mtakuwemo mishahara ya watu, vyeti vya ugonjwa, namba za simu, na hapo unawaumiza wasiohusika, kisha upande wa pili unapata la kusema: huyu hakulinda fedha ya umma, huyu kaanika faragha za wenzake.

La tatu ni kuandika hisia kwenye karatasi ya ushahidi. Usichore mstari mwekundu, usiandike "ona wizi huu" pembeni. Maelezo yako yawe ukurasa mmoja peke yake: tarehe, nini kilitakiwa kuwepo, nini kipo, nani alitia saini wapi. Unachokijua kwa macho kiandike mbali na unachokidhani.

La nne ni wakati. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na wiki za mwisho malipo yanakimbizwa kwa wingi. Taarifa ikifika Mei, fedha yaweza kuzuiwa. Ikifika Agosti, imebaki kuchunguza iliyokwisha kwenda.

Kijana_wa_Darajani
Maalim na ndugu Vuga, nawaheshimu, lakini huu mpango wa kupanda ngazi umewazika wengi. Peter Buxtun alikuwa mtumishi wa Idara ya Afya ya Umma ya Marekani. Aligundua kwamba huko Tuskegee, jimbo la Alabama, wanaume weusi 399 wenye kaswende walikuwa wanaangaliwa tu bila kutibiwa, utafiti ulioanza 1932, na penisilini ikiwa imeshapatikana kila mahali tangu miaka ya 1940. Akaandika malalamiko ndani ya idara 1966. Wakamkatalia. Akaandika tena 1968. Wakakaa kikao, wakaamua utafiti uendelee. Alipompa mwandishi wa habari, khabari ikatoka Julai 1972 na utafiti ukasimamishwa mwaka ule ule. Ile miaka sita ya adabu na utaratibu ilimfaa nani?

Leja_na_Stoo
Swali zuri, na jibu lake ni kwamba barua zile mbili ndizo zilizomtetea. Aliposema hadharani hakuna aliyeweza kusema "angetuambia kwanza." Alikuwa keshawaambia, kwa tarehe. Mimi sisemi mtu asubiri miaka sita. Nasema aweke muda kwenye barua yenyewe: naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Zikipita, anapanda. Na kwa ugonjwa na meli nakubaliana na Mpemba, siku 30 ni nyingi mno.

Mtu_wa_Kikwajuni
Na Snowden je? Maana kila mazungumzo haya hufika kwake.

Vuga_Sheria
Edward Snowden, Juni 2013. Alikuwa na mkandarasi wa NSA, aliwapa waandishi wa habari huko Hong Kong nyaraka nyingi sana za siri. Ya kwanza kutoka ilikuwa amri ya mahakama ya siri iliyoitaka kampuni ya Verizon itoe kumbukumbu za simu za wateja wake kila siku. Mwaka 2015 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kusimamisha ukusanyaji ule wa jumla, na Septemba 2020 mahakama ya rufaa ikasema mpango ule ulikuwa kinyume cha sheria. Kwa jambo lile la simu, alikuwa sahihi na serikali ilikosea, mahakama imeshasema.

Lakini alibeba na mengi yasiyohusu simu za raia, yanayohusu upelelezi wa nchi nyingine. Na sheria ya ujasusi aliyoshtakiwa nayo, ya 1917, haimruhusu mshtakiwa kujitetea kwamba alifanya kwa manufaa ya umma. Ndiyo maana hakurudi, na mwaka 2022 akapewa uraia wa Urusi. Kwangu mimi tendo lake la kwanza ni la kishujaa, na mzigo wote kwa ujumla wake siwezi kuutia sahihi.

Bint_Machomane
Mimi naweza. Asingelibeba mzigo, nani angeliamini lile la kwanza? Wangesema karatasi ya kughushi. Daniel Ellsberg alitoa kurasa kama 7,000 za historia ya siri ya vita vya Vietnam mwaka 1971, hakuchagua nane. Alikabiliwa na miaka 115 ya kifungo, na Mei 1973 jaji akaifuta kesi kwa kuwa watu wa serikali walivunja ofisi ya daktari wake wa akili kutafuta la kumchafua. Wakati mwingine uongo wenyewe ni wa miaka ishirini, hauonekani kwenye ukurasa mmoja.

Leja_na_Stoo
Dada, hilo nalikubali kwa uongo wa sera. Kwa wizi wa fedha nabaki na nane zangu.

Mtaa_wa_Mkunazini
Hakuna aliyegusa udogo wa mahali petu. Marekani mtu anapotea katika watumishi mamilioni. Hapa ukisema "afisa mmoja wa uhasibu, wizara fulani, ofisi ya Pemba" umeshataja jina, mji na mke. Kwa hivyo jina kulificha hakutoshi, lazima ujiulize karatasi hii imepita mikononi mwa watu wangapi. Wakiwa watatu, usiitoe wewe. Elekeza mkaguzi kwenye karatasi jirani iliyopita kwa watu ishirini, itamfikisha pale pale.

Na vifaa vinasema. Reality Winner alichapisha ripoti moja ya NSA mwaka 2017 akaipeleka kwa chombo cha habari. Wao wakawaonyesha maofisa nakala ili kuithibitisha. Ikaonekana ina mkunjo, maana yake imechapishwa na kubebwa. Kumbukumbu za mashine zikaonyesha watu sita ndio walioichapisha, na ni yeye tu aliyekuwa amewasiliana na chombo kile kwa barua pepe akiwa kwenye kompyuta ya kazini. Kapata miaka mitano na miezi mitatu. Mashine nyingi za leza za rangi huweka vitone vya manjano visivyoonekana kwa macho, vyenye saa na namba ya mashine. Faili la kompyuta hubaki na jina la aliyeliunda. Picha ya simu hubeba saa, aina ya simu, na mahali ikiwa umewasha huduma ya mahali. Laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole. Aliyekwambia laini mpya inakuficha amekudanganya.

Kwa njia halali huna haja ya kujificha hivyo, na mimi nashauri njia hiyo kwanza. Ila anayepeleka ajue kwamba atakayemlinda ni yule anayepokea, si simu.

Maalim_wa_Mtambwe
Turudi kwenye neno shujaa, kwa kuwa lina hatari nyingine. David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya. Aliona malipo ya fidia ya kusafirisha dhahabu na almasi yakienda kampuni ya Goldenberg, asilimia 35 juu ya bidhaa ambazo nchi ile haikuwa nazo za kusafirisha kwa kiwango hicho. Akawapa wabunge nyaraka. Akakamatwa mwaka 1993 kwa sheria ya siri za serikali, kesi ikaondolewa, kazi hakurudishiwa. Akaenda kuishi Mombasa, akasilimu. Mwaka 2004 akapewa tuzo ya kimataifa ya uadilifu. Mwaka 2006 akafariki akiwa maskini. Babita Deokaran, wa idara ya afya ya Gauteng, Afrika Kusini, alihoji malipo ya hospitali ya Tembisa, na tarehe 23 Agosti 2021 akapigwa risasi nje ya nyumba yake baada ya kumpeleka mtoto skuli.

Wote wawili waliitwa mashujaa, mmoja baada ya kufilisika, mwengine baada ya kuuawa. Neno hilo limekuwa rahisi kutolewa kwa kuwa haligharimu kitu. Mimi ningependa watuite sisi waoga kabla ya kumwita Munyakei shujaa. Alihitaji mshahara wake.

Bint_Machomane
Maalim, hapo umenigusa.

Mpemba_wa_Bandarini
Kwa hivyo sheria ya Zanzibar ikiandikwa, kifungu cha kwanza kiwe cha kazi: aliyetoa taarifa asihamishwe kituo wala asisimamishwe mpaka uchunguzi uishe, na mwajiri ndiye atakayethibitisha kwamba uhamisho hauhusiani. Huku kwetu adhabu haiji kwa kufukuzwa, inakuja kwa uhamisho. Mtu wa Wete anapelekwa Makunduchi kwa barua ya mistari miwili.

Mtu_wa_Kikwajuni
Niliingia nikitaka kujua nani shujaa. Sasa swali langu limekuwa dogo na la maana zaidi. Mtu ana kurasa zake nane, yuko Pemba, anataka kuzifikisha kesho asubuhi. Anafanyaje ili zisipotee mezani?

Leja_na_Stoo
Atengeneze seti tatu zinazofanana, kila ukurasa una namba, 1 kati ya 8 mpaka 8 kati ya 8. Barua ya mbele itaje idadi ya kurasa. Seti moja aipeleke kwa mkono ofisi ya ZAECA Pemba, ya pili aipeleke ofisi ya Mdhibiti, ya tatu abaki nayo mahali pasipo nyumbani kwake wala kazini. Asimpe mtu wa mapokezi aondoke. Akisema suala ni la siri, aombe kumkabidhi ofisa wa uchunguzi, bahasha ikiwa imefungwa. Akabidhiwe nakala ya barua ya mbele tu, imegongwa muhuri wa kupokelewa, ina tarehe, jina na saini ya aliyepokea. Wakikataa kugonga muhuri, aandike mwenyewe hapo hapo saa, jina la ofisa na chumba, kisha siku ile ile aitume seti nyingine kwa rejista ya posta na kuhifadhi risiti. Baada ya siku 14 arudi kuuliza namba ya jalada. Namba hiyo ndiyo atakayoitaja kila mara, si jina lake.